Nyumba 17, Mu 4

Ghalani Shimanzi nashona magunia yaliyopasuka,
sindano ndefu kuliko kidole, shilingi tano kila kovu.
Mchele wa Thailand haunuki umbali,
unanuka mchele.
Lakini ubavuni mwa gunia kuna anwani:
herufi za kwao, zimejipinda kama kulabu za hereni,
na chini yake herufi hizi zetu,
nyumba 17, mu 4,
tambon fulani, amphoe fulani, changwat fulani.
Majina yenyewe yamekwanguka kwa kuburutwa.

Nikamuuliza Bajaber, karani wa kuhesabu,
aliyewahi kukwama Songkhla miezi sita, meli yao ikingoja chuma.
Akasema mu ni kijiji,
na mkuu wake huitwa phu yai ban, mkubwa wa ban,
na ban kwao ni nyumba, na kijiji pia.
Nikawaza: nasi mji ni huu tunaokaa,
na mji ni tumboni alimokaa mtoto.
Vijiji vikikusanyika ni tambon, yupo kamnan.
Tambon zikikusanyika ni amphoe,
mkuu wake huyo hutumwa na serikali.
Amphoe zikikusanyika ni changwat, kisha Bangkok.
"Kama sufuria za bibi harusi," akasema,
"kila moja ndani ya mwenziwe, kifuniko kimoja."

Nikacheka peke yangu,
maana wiki ile sufuria zangu mimi zilikuwa zikigongana.

Shee katimiza kumi na minane, ataka kitambulisho.
Fomu ya chifu huanza juu, kama mvua:
kaunti, kaunti ndogo, tarafa, lokesheni, kata ndogo,
ndipo ikukumbuke wewe.
(Gunia huanza chini, kama mpunga.)
Nikaandika Kisauni.
Naibu wa chifu, Bwana Tsofa, akakunjua ramani
iliyotoboka kwenye mikunjo, akaweka kidole:
"Mama, walipoikata Nyali kutoka Kisauni,
kalamu ilipita ndani kwako.
Mlango ni wetu. Choo ni chao."

Nikaenda Nyali.
Naibu wa huko, bibi wa miwani yenye mnyororo:
"Choo si makazi. Walala wapi?"
Chumbani.
"Kitanda kiko upande gani?"
Tangu Mwinyikai afariki
sijaulizwa habari za kitanda changu na mtu yeyote.

Tukapima kwa hatua, mimi na Shee,
toka kigingi cha mfereji hadi dirishani.
Wenzetu mipaka yao hufuata mto.
Wetu nao ulifuata mto,
ila huu wa sufi, wenye foronya ya maua.
Kichwa changu Kisauni, mwili Nyali,
miaka yote hiyo, na sikuota ndoto ya mgeni.

Usiku tukakisukuma kitanda hatua mbili.
Mguu mmoja ukavunjika, tukauwekea tofali.
Asubuhi bibi wa miwani akapiga muhuri
kwa nguvu ya mtu anayeua mende.
Jioni Bwana Tsofa akapita na orodha ya unga wa msaada,
jina langu limepigwa mstari.
"Umehama," akasema,
amesimama kizingitini pangu, kiatu kimoja ndani.
Nimehamia wapi, Bwana Tsofa?
Akatazama chini, akakirudisha kiatu chake nje.
"Umehama tu."

Leo limekuja tena gunia la ile anwani.
Nawaza ni nani yuko nyumba 17,
kama kamnan anamjua kwa sauti au kwa namba,
kama naye ana kitanda chenye tofali.
Tundu liko pale palipoandikwa changwat.
Nimekata kiraka kipana kidogo kuliko haja,
kimefunika changwat, kimefunika amphoe,
kimekula na nusu ya tambon.
Nyumba sijaigusa.
Nimefunga fundo, nimekata uzi kwa meno,
nimesema: hilo, lipakieni, liende Kongowea.