Spika Isiyosifu

Numbi amepanga jozi nne juu ya kaunta,
anapangusa vumbi la kiangazi, lile jekundu
linalofuata malori ya madini hadi mjini.
"Sikia hii kwanza." Anapandisha sauti,
na vioo vya duka vinaitikia kabla yangu.
Besi inanikumbatia kama mdai aliyelipwa.
Tamu, kweli. Kizuri chajiuza;
lakini leo sikuja kununua kizuri.

Nimekuja na wimbo mmoja kwenye flashi,
wa Kabedi, tuliourekodi chumbani kwangu Kamalondo
mwaka ule umeme ulipokuwa mgeni wa usiku wa manane,
kwa betri ya lori na mablanketi manne ukutani.
Naujua kama miguu inavyojua njia ya chooni gizani.
Wimbo mgeni haufai: hujui sura yake,
utailaumu vipi spika ikiupaka poda?

Jozi ya pili: kila s inachachatika
kama makayabu yakitupwa kwenye mafuta.
Ya tatu inamweka Kabedi mbali, nyuma ya mlango,
halafu ngoma zinaingia bila hodi.
"Shaba yetu hiyo, ndani," asema Numbi kwa kila jozi,
"waya mwembamba kama unywele, umetoka hapahapa."
Labda. Lakini shaba husema
linalotakwa na sanduku ilimofungwa.

Ya nne ni ya kijivu, kona moja imemegeka.
Numbi anaionea haya.
"Hizi hazina nguvu, kaka. Fundi mmoja wa redio
aliziweka rehani, hakurudi."
Nikamwomba apunguze, apunguze tena,
mpaka tukaisikia feni ya duka,
maana kwenye kelele kila spika ni hodari.

Mwanzoni, hakuna kitu.
Kisha kiti. Kiti changu, kikilia nilipoegemea.
Kidole kikiacha uzi wa gitaa.
Pumzi ya Kabedi, na mate kidogo kabla ya "kesho".
Na chini ya ubeti wa pili, chini kabisa,
kitu kizito kikipita bila haraka:
ta-tam. Ta-tam.

Miaka tisa.
"Kuna treni ndani ya wimbo wangu," alisema siku ile,
hedifoni upande mmoja sikioni, mwingine shavuni.
Nikamwambia ni besi. Nikamwambia mwimbaji aimbe.
Nikaiongezea hata, desibeli tatu, nakumbuka,
kwa kuwa spika zangu za wakati ule zilikuwa rafiki
wa aina ile anayekuambia kila shati limekukaa.
Harusini watu waliicheza, treni na yote,
nikapata jina: fundi wa besi nzito.
Kabedi akaenda kurekodi kwingine.

"Umeona?" asema Numbi. "Hazina sukari."
Nikalipa bila kuomba apunguze bei,
naye akanitazama kana kwamba nina homa.

Nyumbani nimezipandisha juu ya matofali,
mkono mzima kutoka ukutani,
mdomo wa juu sawa na sikio langu nikikaa,
nami kwenye pembe ya tatu, umbali uleule.
Nikapiga kofi. Kona ikanijibu;
nikaipelekea godoro.
Bado chumba kinaongeza neno lake, najua.
Nimekipa ruhusa ya neno moja tu.

Usiku nikamwandikia Kabedi, baada ya kufuta mara mbili:
Ilikuwa treni.

Spika, kwa kuwa haziachi kitu,
zikaguguna kabla simu haijatikisika mezani.
"Najua. Ya mizigo. Ilikuwa inatoka Sakania."