Chokaa

Mtahini alilizunguka pikapu mara moja tu,
akagonga kioo cha mbele kwa kalamu.
"Unaona nini hapo?"
Nikasema, naona njia.
"Unaona mawingu, binti, na leo hakuna wingu."
Akafunga faili. Mtihani wangu wa udereva
ulikwisha kabla sijawasha injini.

Baba aliendesha kurudi nyumbani
kichwa nje ya dirisha, kama mbwa.
Hakunilaumu. Hilo liliniuma zaidi.

Kosa nalijua. Kiangazi kizima
niliegesha kando ya ua wa Bi Orpha Tidwell,
ambaye bomba lake la kunyunyizia huamka saa kumi alfajiri,
likatemea nyasi nusu, na gari letu nusu.
Kisha jua la Artesia huja, likanywa,
likaondoka bila kuosha vyombo.

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajaegesha gari mtaani kwetu.
Huku maji huenda zake, mifupa ikabaki.

Jumamosi tukalisukuma hadi kivulini.
Kioo kipoe kwanza, alisema baba,
siki ikikauka kabla ya kazi
ni kibarua aliyelipwa akalala.
Siki nyeupe kikombe, maji kikombe.
Nikafungua bomba.
"Si hayo."
Akatoa garini chupa ya maji ya dukani,
akaishika kwa shingo, mbali na mwili,
kama anayebeba kuku wa jirani.

Eluterio Baca, mchimba visima,
miaka thelathini na mmoja akitoboa bonde la Pecos,
alikuwa amenunua maji.

Kisima cha mtaa ni chake. Alikichimba
mwaka niliozaliwa. Picha iko sebuleni:
maji yameruka juu ya mnara wa keekee,
padri ameinua mkono,
mama kanifunga blanketi la manjano,
na baba, amelowa chapachapa, anacheka
meno yote. Kisima kilishuka
hadi kwenye mwamba mweupe, na mwamba ule
umekuwa ukipanda kidogo kidogo tangu siku hiyo,
kwenye birika, kwenye bomba la bafu,
kwenye nywele zetu.

Tukalaza vitambaa vya siki juu ya kioo
kama paji la mwenye homa.
Harufu ya achari ikaita nzi,
ikamwita na kaka yangu Fermín,
akauliza tunakula saa ngapi.

Madoa ya Septemba yakalegea.
Ya Juni yakakataa.
Baba akafungua pamba ya chuma, ile laini kuliko zote.
Ilowe kwanza. Usikandamize.
Anzia pembeni, jicho lisikopita.
Ukisikia inakwaruza, acha.
Viganja vilivyozoea mabomba ya chuma
vikapita juu ya kioo
kama anayemtoa mtoto tongotongo.

Pitisha ukucha, akasema.
Penye chokaa ukucha husita.
Palipotakata huteleza, na moyo huteleza nao.

Lakini moja, usawa wa macho ya dereva,
lilipotoka liliacha duara.
Haikuwa chokaa tena. Kioo chenyewe kimeliwa.
Baba alilisugua, akaliacha, akalirudia,
akakunja kitambaa mara nne.
"Hili halitoki."
Kisha, akitazama upande wa mnara wa tangi:
"Mimi nilidhani naleta maji."

"Ulileta," nikasema. "Tuliyanywa."

Hakujibu. Akaniachia waipa nizifute,
maana mipira nayo hubeba mchanga wa chokaa,
na usipoifuta, kazi yote ni bure.

Jumatatu mtahini alizunguka, akagonga, akapanda.
Nilifaulu, kwa kosa moja.
Kwenye njia panda ya pili nilichelewa kuondoka,
taa ikiwa kijani, nyuma wanapiga honi.
Akaandika: dereva anatazama kioo
badala ya kutazama barabara.