Bega la Ambilikile

Alikuja alfajiri, ukungu bado umeilalia Loleza,
sweta mbili, koti, na kwapa amelinyoa
likateleza kama kiazi kilichomenywa.
"Nimejiandaa, sista. Sikutaka mkutane na msitu."
Nikaiona mikato mitatu myekundu,
midogo, kama kalamu ya mwalimu kwenye daftari la mtoto.

Nikamwambia hapasuliwi leo.

Miaka ishirini na sita pale Isyonje, kando ya lami,
amepandisha lumbesa za viazi kwenye malori ya Dar es Salaam.
Bega la kulia liliujua uzito wa kila msimu
kuliko mizani, ambayo haikuwahi kuwepo.
Sasa halinyanyui hata kikombe. Mfupa umesagika;
daktari atamwekea kiungo cha chuma.
Nguruwe wawili wameuzwa kwa ajili ya siku hii.
Mwanawe kaomba ruhusa kazini, Makambako.
Na mimi, Subilaga, rika la kitinda mimba wake,
namrudisha nyumbani kwa ajili ya wembe wa shilingi mia mbili.

Akanitazama. Hakutukana.
Afadhali angetukana.

Nilitaka kumweleza kwamba bega si goti,
kwamba humu chini ya ngozi,
kwenye vishimo vya mafuta ambamo nywele hushika mizizi,
anaishi mpangaji asiyelipa kodi wala kupiga kelele.
Hapendi hewa. Sabuni humpitia juu
kama manyunyu kwenye bati: aliye ndani hugeukia upande wa pili.
Akiwa kwake hana neno, ni jirani.
Ila kisu kikimfungulia mlango, akakikuta chuma,
hujenga.

Nilitaka kumweleza habari za mama Anyitike wa Igurusi.
Kidonda kilifunga vizuri, tukapongezana.
Miezi minane baadaye bega likaanza kuuma.
Homa hakuna. Usaha hakuna.
Maabara wakaotesha, wakangoja siku tano,
wakaandika hakuna kitu, wakamwaga.
Yule huhitaji siku kumi na nne.
Ana subira kutushinda.
Chuma kilitolewa. Mpaka leo
mama Anyitike hufunga kitenge kwa meno.

Lakini foleni ilikuwa ndefu, na Julai ile baridi inauma.
Nikasema tu: "Mikato ipone. Wembe usiuguse tena.
Nywele zikihitaji kupungua, nitazipunguza mimi, kwa mashine."
Nikampa tyubu. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma.
"Hii si dawa ya chunusi? Nina wajukuu tisa, sista!"
Akacheka. Mungu ambariki, alicheka yeye kwanza.
"Siku tatu kabla ya kurudi, asubuhi na jioni,
bega zima, na kwapani.
Mafuta usipake, hata mama akikulazimisha.
Na vaa fulana kuukuu, maana inakula rangi."

Wiki mbili baadaye akavua koti:
fulana ya kijani, bega moja jeupe.
"Ushahidi," akasema.

Dawa ya mshipani tuliitanguliza, kisu kikaingoja.
Bega likapakwa, likaachwa likauke lenyewe.
Hapo ndipo kila mtu hukumbuka ana haraka,
hapo ndipo ninapoitwa mkorofi.
Kisu kilichofungua ngozi hakikushuka ndani;
nilikitenga, nikatoa kingine.
Mlangoni nilibandika karatasi:
ANAYEULIZIA CHAI AULIZIE DIRISHANI.
Mtu mmoja aliufungua hata hivyo. Sitamtaja.

Imetimia miezi minane.
Namba yake ikiita naipokea upesi kuliko ya mume wangu.
Anauliza mbolea mjini imefika shilingi ngapi.
Anauliza kama huku kumenyesha.
Nasubiri aseme bega.
Anasema ng'ombe kazaa, dume.
Nasubiri.
Anaaga, anakata.