Nusu ya Pumzi

Bradford, Januari, mahakama ndogo ya ghorofa ya pili.
Mabomba ya joto yananuka rangi mpya,
na bilauri ya maji iko mbele ya Shagufta
tangu saa tatu, haijaguswa.

Hakimu anashusha miwani, anauliza polepole
kama mtu anayemlisha mgonjwa uji:
Je, siku ile bwana huyu alipoteza uwezo wa kujizuia?

Kwa Kiingereza kitu hicho hupotea.
Hupotea kama ufunguo, kama mwavuli ndani ya basi,
na aliyekipoteza aweza kurudi kesho
akakiulizia dirishani.
Nafsi upande huu, usukani upande ule,
katikati kistari,
daraja jembamba kuliko unywele.

Kwa Kiurdu Shagufta analo zabt,
ndugu wa kudhibiti kwetu;
walinyonya ziwa moja Uarabuni, wakatawanyika.
Lakini zabt ya kwao ina mikono miwili:
mmoja hubana chozi lisivuke kope,
wa pili ni wa karani wa forodha
anayetwaa mali yako na kuipiga muhuri.

Ana nusu ya pumzi ya kuchagua.
Anasema zabt.

Mzee Nazakat Hussain, muuza vitambaa,
miaka thelathini na minne barabara ileile,
anaitazama fimbo yake ya chuma ya kupimia yadi
iliyolazwa mezani na kibandiko cha namba.
Anacheka kidogo, puani.

"Binti, sikuipoteza.
Zabt yangu nayo ilipigwa zabt.
Walipotema mate mlangoni, nilifuta.
Walipomwita mke wangu jina lile, nilikunja hariri.
Walipomwaga rangi juu ya marobota ya harusi
niliandika hasara daftarini, kwa wino mweusi.
Kila mara waliondoka na kipande,
wala hakuna aliyenipa risiti.
Siku ile nilitia mkono mfukoni,
nikakuta mtupu.
Kioo cha gari nilivunja, ndiyo.
Kimoja."

Utani wa zabt kwa zabt, Shagufta anajua,
utafia njiani. Anauzika bila matanga
na kuanza.
Sheria ya kazi yake ni fupi:
mzee akisema mimi, naye aseme mimi.

"Mimi nilifuta," kwa Kiingereza kilichopigwa pasi.
"Mimi nilikunja hariri."
Sauti haipandi. Kalamu ya karani inaifuata.

Asubuhi hii, kituoni, mvulana wa rika la mwanawe
alimtupia neno. Lilelile.
Aliweka sawa ushungi, akapanda, akalipa nauli,
akakaa nyuma ya dereva
akihesabu taa za barabarani, nyekundu tu.

"Mimi nilitia mkono mfukoni," anasema,
na hapo ananyamaza
muda ambao haumo katika kanuni yoyote.

Hakimu anainua kichwa:
Mkalimani, kuna neno gumu?

Hakuna, Mheshimiwa.

Anashika bilauri. Maji yanatikisika hadi ukingoni,
hayamwagiki. Anaitua.

"Nikakuta mtupu,"
na mle ndani hakuna ajuaye,
hata mzee, hata karani anayeandika,
ni nani aliyesema.