Rangi Tu

Ofisi ya vitu vilivyopotea, Łódź, Januari.
Tramu inapita chini ya dirisha na kukitetemesha kikombe changu.
Bogumiła wa kaunta anapiga simu ghorofani:
"Ukurasa wako umekwama tena, Radosław.
Nina watu tisa kwenye foleni na vidole vimewaganda."

Kosa nalijua. Nililiandika mwenyewe, kwa uvivu, mwezi wa Novemba.
Mtu akiuliza glavu tu,
programu yangu inazoa safumlalo nzima nzima:
picha, tarehe, jina la dereva, namba ya rafu,
na maelezo marefu ya karani aliyekwisha kustaafu
("inanuka tumbaku", "imeshonwa kwa uzi usio wake").
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
mimi nilikuwa nakiburuta kitanda kizima hadi sebuleni.

Leo naiambia hifadhidata: rangi tu.
Uga mmoja. Mengine yaache yalale.

Jibu linarudi kabla sijainua kidole,
ila kila rangi imefungwa peke yake
ndani ya mabano, na mkato wake mdogo,
kama peremende katika karatasi.
Naongeza sharti moja, orodha iwe bapa,
na maganda yote yanadondoka:

nyeusi, nyeusi, kijivu, nyeusi,
samawati, nyeusi, kijivu,
hakuna,
nyekundu.

Foleni inasogea. Bogumiła hapigi simu tena,
na kwake hiyo ndiyo shukrani.

Ningekwenda zangu kunywa chai.
Lakini hiyo "hakuna".
Si kwamba karani aliandika kisha akafuta;
hakuandika kabisa, aliuruka uga kama dimbwi.
Glavu isiyo na rangi ikoje?
Kila aliyetafuta kwa rangi alipita kando yake,
miezi yote hii, akaambiwa pole, haipo.

Naiomba safumlalo ile moja, yote, mpaka ukingoni.
Inakuja taratibu, ikivuta picha yake:

glavu ya mtoto, mkono wa kushoto,
vidole vitano, kila kidole na sufu yake,
kijani, chungwa, zambarau, manjano,
na gumba la waridi lililotafunwa ncha.
Kwenye maelezo, karani:
"Nimeshindwa kuchagua."

Rafu ya saba. Tangu Machi mwaka juzi.
Chai imepoa. Nateremka ngazi.