Maji Hayajalala

Mwalimu Nangomwa alichora duara ubaoni,
akalifunga mkanda kiunoni, akasema: ikweta.
Juu ya mkanda, maji yakishuka tunduni huzunguka kushoto.
Chini ya mkanda, kulia, kama mshale wa saa.
"Newala iko wapi?" Chini, tukaitika.
"Basi maji ya Newala?" Kulia!
Darasa zima, vifua mbele,
na shule nzima haikuwa na bomba la kutusuta.
Shimo tulilolijua ni Shimo la Mungu,
nalo halina kizibo.

Nikarudi nyumbani na swali, Mama,
ndoo ikiwa shilingi mia tano
na kijana wa baiskeli akidai bado ya juzi.
Nililitoboa beseni la bluu kwa msumari wa moto.
Ulinitazama. Hukunipiga.
Ulisukuma sufuria chini ya tundu, ukasema:
"Zungusha utakavyo. Tone likianguka mchangani, utalilamba."

Maji yale yale, basi. Juu, chini, juu, chini,
mimi na Mfaume na daftari la hesabu.
Kushoto. Kulia. Kushoto. Kushoto.
Mara moja yalishuka yamenyooka tu, kama mtu aliyenuna.
Mara arobaini: kulia kumi na tisa,
kushoto ishirini, na huyo mnunaji.
"Dunia imechoka," alisema Mfaume.

Siku ya tatu ndipo nilipoona:
akimimina Mfaume, na mkono wake wa kushoto,
maji huenda huku; nikimimina mimi, kule.
Hayakuwa yakiisikiliza dunia.
Yalikuwa yakikumbuka mkono.

Mwalimu alilisoma daftari amesimama, chaki sikioni,
kisha akalifuta duara lake kwa kiwiko
(hapo ndipo nilipompenda)
akasema: Dunia hujigeuza mara moja tu kwa siku.
Beseni lako hugeuka mara tatu hujamaliza chafya.
Nani atasikia mnong'ono kwenye mnada wa korosho?
Kimbunga, sawa, kipana kuliko mkoa,
siku nyingi juu ya bahari,
hicho huku kwetu hufuata saa, hakikosei.
Ila beseni? Yaache maji yatulie. Mchana na usiku.
Tundu dogo, katikati kabisa. Usipite karibu. Usipulize.
Yakishausahau mkono wako
huenda yakaisikia dunia.

Mchana na usiku!
Katika nyumba yetu, Mama, maji hayajawahi kulala.
Yanaosha mchele, yanaosha vyombo yakiwa meupe kwa mchele,
yanaosha miguu yakiwa na mafuta ya vyombo,
na yakifika kwenye mche wa mkorosho
yana habari za ukoo mzima.
Nilikuomba usiku mmoja.
Ulilitazama beseni, ukalitazama pipa,
ukatamka kwa Kimakonde neno ambalo sitalifasiri,
ukaziba tundu kwa nta, ukalifunika beseni kwa kanga,
ukapanga matofali pembeni kuzuia mbuzi.

Nililala nikiyasikiliza.
Sikusikia kitu. Hicho ndicho kilichotakiwa.

Alfajiri, kata iligonga ukingo wa beseni.
Mtoto wa dada alikuwa ametapika usiku kucha
na pipa lilikuwa limebaki kutu.
Ulichota mara moja, mara mbili.
Mduara ulitanuka hadi pembeni, ukarudi.
Dunia ilikuwa imekaribia kusema, au haikuwa;
sitajua.
Mtoto alikunywa.

Leo nina sinki, Mtwara mjini,
na bomba linalotoa siku nne kwa wiki.
Nikichomoa kizibo, yanazunguka yanavyotaka.
Wageni huniuliza, kwa kuwa nafundisha fizikia,
ni kulia au kushoto, nami nawajibu: inategemea nani alimimina.
Upande siutazami tena.
Nainama kuangalia ndoo,
pale chini ambapo fundi alitaka kufunga bomba la kutolea
nikamkatalia,
kama imejaa.