Sanduku la Kioo

Ni saa nane usiku,
na leo ni nne siku;
punda analia huku,
uwani hospitalini.

Mwana hajapewa jina,
saba yake mbali sana,
kilo moja bado hana,
amelazwa sandukuni.

Sanduku ni la kioo,
mipira, waya na nguo;
pumzi yake ni mbio
kama ndege mkononi.

Sista Karembo kasema
umeme ukishazima
jenereta itavuma,
nisitetemeke ndani.

Ukazima, kawa kiza.
Jenereta yajikaza,
yakohoa, yanyamaza.
Mkono u kiooni.

Nikamkumbuka yule
mamake Musa wa kale,
mwanawe mnyonge vile
akamtia majini.

Kisa chake nakijua,
nilikuwa nasikia
na huku nikisinzia,
pale Langoni chuoni.

Naujua mwisho wake:
karejea kwa mamake,
akanyonya titi lake,
akapoa mtimani.

Yeye, usiku wa mto,
moyo mtupu, mzito,
ahadi tu, si mtoto,
imebaki viganjani.

Kwake haukufunuka
ukurasa wa kufika;
maji tu yakimcheka,
na jeshi la Firauni.

Vingine nimevisoma:
Yunusi aliyezama,
Hajari kwenye milima,
moto ukawa bustani.

Ni rahisi kusifia
moto ulioishia,
bahari ilotulia,
ukiwa upo nyumbani.

Vyote navijua mwisho;
changu kingali ni tisho,
giza, mapigo na jasho,
na dua imo kooni.

Ndipo nilipofahamu:
kisa si mwisho mtamu,
ni mkono wa Karimu
kuutambua gizani.

Na mimi nina vya kwangu,
vidogo, vya Amu yangu:
homa ya dada, uchungu,
pipa tupu Ramadhani.

Na kila mara, kwa njia
ambayo sikudhania,
jirani aliingia
na kibaba kikapuni.

Mdogo wangu, Somoe:
"Dada, nikumulikie,
mwana naye atulie."
Akasimama pembeni.

Musa pia ana dada
alomwandama kwa muda,
akificha yake shida,
akipita ufukoni.

Sista kamtoa mwana,
joto lisikose tena;
"Shika," hakusema sana,
kamlaza kifuani.

Sijui kutakuchaje,
ya saba itafikaje,
wala jina nimwiteje;
nimemwachia Manani.

Nahisi pumzi hii;
nyingine haikawii.
Na punda tena halii.
Nangoja, nimo mtoni.